Kornel Masolwa na Sabufa ya Usharika

Kornel Masolwa alirudisha tarumbeta la besi kanisani siku ya Jumatatu, saa ambayo alijua hatamkuta mtu wa bendi. Alilifunga kwa kitenge cha mkewe, akalilaza nyuma ya baiskeli, akaisukuma baiskeli kwa mkono kutoka nyumbani kwake Ipuli. Mlinzi alimfungulia stoo.

"Limetoboka, mzee?"

"Aliyetoboka ni mimi," alisema Kornel.

Aliliweka juu ya rafu, mdomo ukitazama chini ili vumbi lisiingie. Akakikunja kitenge vizuri, akarudi nyumbani.

Siku chache kabla ya hapo daktari alikuwa amemwonyesha picha ya kifua chake. Kornel ni fundi seremala tangu ujana wake, na karakana yake ya Kanyenye haina madirisha ya kutosha. Mbao anayoipenda ni mninga, na unga wa mninga ni mwepesi, hukaa hewani muda mrefu baada ya msumeno kunyamaza. Daktari alimwambia apunguze kazi na afunge kitambaa puani. Kuhusu tarumbeta hakuzungumzia kupunguza. Alisema aache.

Kornel alizaliwa Kwihara. Njia ya zamani ya misafara inapita nyuma ya shamba lao la karanga, na kwao ilikuwa njia ya kwenda kuchota maji, basi. Alipokuja mjini kujifunza useremala alijiunga na usharika wa Moravian, na mwalimu wa bendi wa wakati ule alimpa tarumbeta kubwa kuliko zote. Alimtazama mabega, hakumtazama midomo. Kornel mwenyewe alisema alilikubali kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kulibeba.

Mpiga besi hasifiwi. Watu wakitoka ibadani husifu tarumbeta ndogo, zile zinazopanda juu. Besi huijua pale tu inapokosekana. Kornel aliridhika na hilo. Alipiga harusini, alipiga misibani, na kila Pasaka alipiga makaburini. Usharika huu hukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijatoka. Bendi husimama katikati ya makaburi kwa mstari mmoja, watu wote huizunguka, na nyimbo huimbwa mpaka jua lichomoze. Mpiga besi husimama mwisho wa mstari, upande wa kushoto, karibu na kaburi la Deus.

Deus alikuwa mtoto wao wa kwanza. Malaria ilimchukua akiwa darasa la tano. Mama yake, Asnath, hutandika mkeka kando ya kaburi kila Pasaka na kukaa hapo. Kornel hakuwahi kusema kwamba anampigia mwanawe. Lakini mwaka mmoja walipotaka kumhamishia upande wa kulia, alijibu kwamba upande ule yeye hawezi kupiga, na hakueleza zaidi. Wakamwacha.

Sasa tarumbeta lilikuwa kwenye rafu na Pasaka ilikuwa inakuja.

Sylvester, kiongozi wa bendi, alifika nyumbani kwake jioni moja akiwa na Julieth, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia kutoka Nzega. Julieth anapiga kinanda kwenye kwaya.

"Shikamoo baba," alisema Julieth.

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

Asnath alileta viti na karanga za kuchemsha. Sylvester alikula karanga nyingi kabla ya kusema lililomleta.

"Kaka Kornel, tumemtafuta mtu wa besi. Vijana wenye mabega wako Dar es Salaam. Waliobaki, ukimpa tarumbeta lile anaangukia mgongo."

"Wewe mwenyewe je?"

"Mimi nikilipuliza linatoa sauti ya ng'ombe mgonjwa. Unajua."

"Ng'ombe mgonjwa ana nafuu," alisema Asnath.

Walicheka wote, na Kornel alicheka pia. Kisha Sylvester akaeleza. Baraza la wazee limeamua kununua sabufa. Julieth atapiga sauti ya besi kwenye kinanda, sabufa itaitoa, na watu wa nyuma makaburini wataisikia kama zamani. Spika imeshapatikana kwa Awadhi, fundi redio wa Kanyenye. Kilichobaki ni boksi la kuiweka, na mtu wa kuitunza.

"Tumekufikiria wewe," alisema Sylvester. "U fundi wa mbao, na besi unaijua."

Kornel alichambua karanga moja kwa muda mrefu.

"Mnataka nimtengenezee nyumba huyo anayechukua nafasi yangu," alisema.

Sylvester alitazama chini. Julieth alisema polepole, "Baba, kama hutaki tutaelewa."

"Sijasema sitaki. Mbao ninayo."

Usiku ule Asnath alimuuliza kwa nini amekubali. Alisema kazi ya boksi akipewa fundi mwingine ataharibu mbao.

Awadhi na Kornel ni majirani wa kazi wa miaka mingi. Karakana zao zinatazamana, na mmoja akikosa mteja humsumbua mwenzake. Kornel alipokwenda kuchukua spika, Awadhi aliigeuza mezani, akamwonyesha sumaku yake nzito na karatasi yake nyeusi iliyojaa uso mzima kama sinia.

"Hii haitaki boksi la kuziba," alisema Awadhi. "Kuna spika zinazokubali kufungiwa. Hii haikubali. Ukiifungia, inakoroma. Weka tundu mbele, na ndani ya tundu uchomeke bomba."

"Shehe, mimi nimetengeneza maboksi tangu hujaoa. Boksi lenye tundu ni boksi la fundi mlevi."

"Hili si jeneza, Mzee Kornel. Aliyemo humu anapumua."

"Basi na apumue kimyakimya."

Kornel alikwenda akatengeneza boksi jinsi alivyojua yeye. Alichagua mninga mkavu, akaupiga randa mpaka ukawa laini kama kikombe. Pembe aliziunganisha kwa meno ya mbao yanayoingiliana, bila msumari. Ndani alipaka gundi kwenye kila mshono, kisha akamulika tochi ndani ya boksi, milango ya karakana ikiwa imefungwa, akazunguka nje kutazama kama kuna mwanga unaovuja. Haukuvuja. Hakuna aliyewahi kuona boksi la spika zuri kama lile, na hakuna aliyemwambia alichokosea, kwa sababu Awadhi alikuwa amesafiri kwenda Igunga.

Walilijaribu kanisani Jumamosi. Waya za spika Kornel alizipima kama Awadhi alivyomfundisha: aligusisha betri ya tochi kwenye miguu ya spika, na karatasi ilipochomoza nje alijua upande wa chanya ni upi, akautia alama kwa uzi mwekundu. Julieth akapiga noti ya chini. Boksi likatoa mngurumo mfupi uliobanwa, kama mtu anayekohoa chini ya blanketi. Sylvester akaongeza sauti kwenye amplifaya. Karatasi ya spika ikaanza kurukaruka na harufu ya kuungua ikatoka.

"Zima!" alisema Kornel. "Sabufa ikikosa nguvu hailazimishwi. Itaungua."

Walijaribu kona nyingine, wakajaribu katikati. Hali ni ileile. Wazee wa kanisa walitazamana.

"Pengine tuache," alisema mmoja wao. "Pasaka hii tupige bila besi. Mwakani Mungu atatuletea mtu."

Kornel aligusa ubao wa mbele. Alijua palipo na kosa. Alikuwa amelijua tangu noti ya kwanza, aliposikia ile hewa ikigonga ndani bila pa kutokea. Maneno ya Awadhi yalimrudia yote. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, msumeno na kipande cha bomba. Lakini alifunika boksi kwa turubai, akachomoa plagi, akakunja waya kwa utaratibu. Kwenye mlango wa kanisa Julieth alimuuliza, "Baba, unadhani tatizo ni spika?"

"Huenda," alisema Kornel.

Alimwambia Asnath ukweli jioni ile ile, kwa sababu hawezi kumficha jambo. Asnath alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

"Kwa hiyo unataka Deus apigiwe nusu ya wimbo," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Hujasema chochote, Baba Deus. Ndilo ninalolisema."

Kornel alikaa siku kadhaa bila kwenda kanisani. Ndipo akafariki Bibi Josepha, mjane aliyekuwa akiuza asali sokoni, na bendi ikaitwa msibani. Kornel alikwenda kama mwombolezaji. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima alisimama kaburini mikono ikiwa mitupu, na akaisikia bendi yake kutoka nje.

Ilikuwa nyembamba. Tarumbeta ndogo zilipiga vizuri, hakuna aliyekosea, lakini wimbo haukuwa na mahali pa kukaa. Waimbaji wa mbele walipanda kidogo, wa nyuma wakabaki chini, na walipofika ubeti wa tatu watu walikuwa wanaimba katika makundi mawili yasiyosikilizana. Binti wa marehemu aliacha kuimba katikati. Alisimama akitazama jeneza huku kinywa kikiwa wazi, kama mtu aliyeshika ukuta na ukuta ukaondolewa. Baadaye wanawake walisema huzuni ilimzidi. Kornel aliona vingine. Yeye alijua mtu anapokosa sauti ya kuegemea inakuwaje.

Kutoka msibani hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kanisani, akamwomba mlinzi ufunguo, akalipakia boksi kwenye mkokoteni na kulipeleka Kanyenye. Awadhi alikuwa amesharudi. Alilizunguka boksi, akapitisha kidole kwenye pembe.

"Zuri," alisema. "Maiti angefurahi."

"Nipe bomba, Shehe. Na ukinicheka nitakutoboa wewe."

"Siwezi kucheka. Nimefunga." Lakini alicheka.

Alipoweka msumeno kwenye ubao wa mbele, mkono wa Kornel ulisita. Ubao ule ulikuwa na mshipa mwekundu uliopita kutoka kona hadi kona, na tundu lingeukata. Akaukata. Kisha akachukua bomba jeupe la maji, lililo pana, na hapo kazi yake ikawa nyepesi ghafla, maana aligundua kwamba kitu hiki anakijua. Bomba refu hutoa sauti ya chini, bomba fupi hutoa ya juu. Ndivyo lilivyo tarumbeta, ndivyo lilivyokuwa miaka yote mdomoni mwake. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alianza na bomba refu mno, akamwita Julieth aje na kinanda baada ya shule.

"Piga noti ya mwisho ya wimbo wa kaburini. Ishikilie."

Julieth akaishikilia. Kornel akaweka kiganja mbele ya tundu. Upepo ulitoka, lakini dhaifu. Akalitoa bomba, akakata kipande chembamba kama kipande cha limau, akalirudisha. Akaweka kiganja tena. Akakata tena. Kila akikata alifunga kitambaa puani kwanza, na alipumzika kwenye kiti kabla ya kuendelea. Jua lilipoanza kulala upande wa stesheni, upepo ulimpiga kiganjani kwa nguvu kiasi cha kupeperusha unga wa mbao uliokuwa kwenye vidole vyake, na hapo hapo karatasi ya spika ikatulia, ikawa haitikisiki sana ingawa sauti ilijaa karakana nzima. Mabati ya Awadhi ng'ambo yalilia.

"Usiguse tena!" Awadhi alipiga kelele kutoka mlangoni kwake. "Hapo hapo! Gundisha!"

Siku zilizofuata Kornel alijifunza kuitunza. Miguu ya boksi aliipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Mbele ya tundu alifunga wavu mdogo ili panya wasiingie kutafuna karatasi. Vumbi jekundu alilifuta kwa brashi laini ya kupakia rangi, hakutumia kitambaa chenye maji. Kwenye amplifaya alichora alama kwa kalamu ya rangi na kuwatangazia wote kwamba mkono wa mtu usivuke pale, hata kama bwana harusi ni mwanawe. Ardhini hakuliweka moja kwa moja, alilitandikia ubao.

Lakini mazoezini lilitokea jambo ambalo halikuwa la boksi.

Bendi ilipiga, Julieth alipiga besi kwenye kinanda, sabufa ikaitika vizuri, na waimbaji wakavurugika. Mara ya kwanza, kisha mara ya pili, mahali palepale, katikati ya mstari wa pili wa wimbo. Waimbaji walisimama, kinanda kikaendelea, halafu waimbaji wakaanza kuharakisha ili wamfikie Julieth.

"Mnasimama kwa nini hapo?" aliuliza Julieth. "Kitabuni hakuna kituo."

"Kipo," alisema mwanamke mmoja wa sauti ya pili. "Tumekikuta kipo. Hata mama yangu alisimama hapo."

Walileta kitabu cha nyimbo chenye noti. Kituo hakikuwepo. Wakaleta kingine cha zamani. Hakikuwepo. Walibishana kwa muda, wengine wakisema wachapaji walisahau, wengine kwamba wamisionari ndio waliofundisha hivyo. Kornel alikuwa amechuchumaa nyuma ya boksi akikaza waya. Alisimama taratibu.

"Hapo ni mimi," alisema.

Wakamgeukia.

"Tarumbeta lile linakula pumzi. Siwezi kufika mwisho wa mstari. Hapo ndipo nilipokuwa navuta hewa. Nyinyi mlinisubiri, na waliowafuata wakawafuata nyinyi."

Sylvester alifunga kitabu. Mzee mmoja alisema kwamba basi sasa warekebishe, waimbe kama ilivyoandikwa, maana mashine haichoki. Binti wa Bibi Josepha alikuwa kwenye safu ya sauti ya kwanza, bado amevaa nguo nyeusi. Alisema hawezi.

"Mama yangu tumemzika bila besi," alisema. "Na pumzi pia mwiondoe?"

Mzee yule akarudi kukaa.

Julieth alimtazama Kornel. "Baba, nionyeshe. Mimi sijui unavuta wapi na kwa muda gani. Ukiinua mkono nitaachia, ukishusha nitapiga."

Hivyo alfajiri ya Pasaka Kornel alisimama mwisho wa mstari wa bendi, upande wa kushoto. Sabufa ilikuwa juu ya ubao wake nyuma yake, na jenereta iliwekwa mbali, nje ya uzio, ili isisikike. Giza lilikuwa bado zito na watu walijuana kwa sauti. "Mwangaluka," walisalimiana wazee kwa Kinyamwezi, na wengine wakajibu. Asnath alikuwa mkekani. Julieth alikaa kwenye kiti cha chini, taa ndogo ikimulika vidole vyake, macho yake kwenye mkono wa Kornel.

Wimbo wa kwanza ulianza. Besi ilitoka ardhini, ikaingia miguuni mwa watu kabla ya kufika masikioni. Katikati ya mstari wa pili Kornel akainua kiganja. Kinanda kikanyamaza, tarumbeta zikanyamaza, umati wote ukavuta pumzi kwa pamoja gizani. Akashusha. Wakaendelea. Alifanya hivyo katika kila ubeti, na mkono wake haukukosea, maana alikuwa anauinua kila kifua chake kilipotaka hewa.

Wimbo wa pili, hivyo hivyo. Katika wimbo wa tatu mbingu ilianza kuwa ya kijivu upande wa mashariki. Kornel aliinua mkono akaona Julieth ameshaachia kabla yake. Ubeti uliofuata alichelewesha mkono kwa makusudi. Julieth hakuungoja. Aliachia mahali penyewe, akavuta pumzi yeye mwenyewe, mabega yakipanda na kushuka, akarudi kwenye noti pamoja na watu wote. Hakuwa akimtazama tena. Alikuwa amefumba macho.

Kornel alishusha mkono, akauacha ukae.

Wimbo wa mwisho ulipoanza alitoka kwenye mstari. Hakuna aliyemzuia, wala hakukuwa na sababu. Alipiga hatua zile chache mpaka kwenye kaburi la Deus na kukaa mkekani kando ya mkewe, akiwa ameshika magoti. Asnath alimsogezea kona ya kitenge, kwa maana umande ulikuwa mwingi.

Miaka yote hiyo Kornel hakuwahi kuimba siku ya Pasaka. Kinywa chake kilikuwa na kazi nyingine. Maneno ya nyimbo aliyajua kwa kuyasikia tu, na baadhi hakuwa na hakika nayo. Alianza kuimba kwa sauti ndogo, yenye mkwaruzo, akikata mistari kila kifua kilipogoma, akirukia neno linalofuata. Asnath alimpa maneno aliyoyasahau, akiyatanguliza kidogo sikioni mwake, mstari kwa mstari, mpaka jua likatoka juu ya misalaba na Sylvester akaisimamisha bendi.